Ukiteleza, Niangukie Mimi

Mama yangu uliyelala Kendu Bay,

Ungekuwa hai ungenicheka hadi leso ikudondoke. Mimi binti yako, niliyeogopa hata ngazi za kanisa, nimefungwa mbao mbili ndefu miguuni na kusimamishwa juu ya mlima wa theluji, huku Norwei ninakofanya kazi ya kutunza wazee. Si kwa kupenda. Shule ya binti yangu Adhiambo ilialika wazazi, na mtoto aliyerithi jina lako amerithi pia kichwa chako kigumu. Alisema tutaenda, tukaenda.

Asubuhi nzima nilianguka. Mwalimu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: inama mbele, elekeza kifua bondeni! Lakini mteremko ukianza tu, mwili wangu ulirudi nyuma wenyewe, visigino vikatafuta ardhi. Mbao zikachomoka kama ndama aliyekata kamba, mimi chali. Angejuaje kwamba mwalimu wangu wa kwanza alikuwa wewe?

Unakumbuka tukishuka Homa Hills na kuni kichwani, ngata ikinichoma utosi? "Kanyaga na kisigino, nyathina, mwanangu. Mwili rudisha nyuma. Mos mos, polepole." Changarawe zilinikimbia chini ya nyayo, nami nikalia kwamba nitaanguka. Hukunishika mkono, mikono yako ilikuwa kwenye mzigo. Ulinipita tu, ukakaa upande wa chini. "Sasa unaogopa nini na mimi niko hapa? Ukiteleza, niangukie mimi." Niliona ni utani mbaya, maana mzigo wako ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Basi alasiri tulipanda viti vinavyovutwa na kamba hadi juu, tukakosea njia ya kushukia. Ukungu ulikuwa mzito. Adhiambo, miguu yote miwili kwenye ubao mmoja mpana, alinitangulia kabla sijamwita. Nikasikia mkwaruzo, kisha kilio. Ukungu ulipofunguka kidogo nikamwona ameketi kwenye barafu tupu, mteremko mkali ajabu, na chini yake miti. Kila akijitikisa aliteleza kuelekea kwenye miti ile.

"Mama, naenda! Naenda!"

"Usisonge! Adhiambo, usisonge hata kidogo!"

Niliita watu, hakuna aliyejibu. Mama, sijawahi kuogopa vile, hata siku tuliyokuzika. Nikamfuata kwa namna uliyonifundisha, nikaanguka, mbao zikanivuta kando. Nilipoinuka alikuwa ameshuka tena. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilijua kwamba nikikusikia wewe saa ile, tutavunjika sote wawili.

Nikaelekeza kifua kwenye lile bonde. Kila mshipa ulinikataza. Nikainama mbele, nikakutanisha ncha za mbao kama alivyosema mwalimu, na kwa mara ya kwanza zikanitii. Nikampita mtoto huku nikilia, sikuthubutu kumtazama. Nikasimama chini yake, kati yake na miti, mbao nimezikita ubavu.

"Mama, nitakuangusha!"

"Sasa unaogopa nini na mimi niko hapa? Ukiteleza, niangukie mimi."

Akateleza. Ubao ulinipiga kwenye muundi, tukabingirika pamoja, tukakwama kwenye theluji laini hatua chache kabla ya miti. Alikuwa mzima. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba hapumui, na hata hapo sikumwachia. Walinzi wa mlima walitukuta vivyo hivyo.

Mguu umevimba, nachechemea kazini, na wazee wangu wananitania kwamba nimekuwa mmoja wao. Nakukasirikia kidogo kwa vile visigino vyako. Lakini kila nikikumbuka siku ile, namwona mwanamke aliyetangulia mbele yangu kwenye changarawe. Nilikuwa nikiona mgongo wako tu, umenyooka chini ya kuni, nikadhani huogopi. Kumbe uso wako ulikuwa upande ule mwingine.

Desemba tunakuja nyumbani. Adhiambo anataka kupanda mlima wako, wewe dani yake, na kushuka na kuni kichwani. Ameshatangaza kwamba atashuka akiwa mbele, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuteleza. Nimemwambia hapana. Mbele ni kwangu.

Pumzika, mama. Umetembea mbele vya kutosha.

Binti yako,
mama yake Adhiambo