Mama Pasi Anajibu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejibu swali na dunia imenipigia makofi! Basi, si dunia nzima. Lakini ni watu wengi kuliko niliowahi kuzungumza nao tangu nizaliwe.

Mtu nisiyemjua kauliza kwenye ule mtandao wa maswali: Mama Pasi, sema ukweli, hapo kwenu nyinyi ni wajamaa au mabepari? Nikaandika: "Sisi ni madobi." Nikaweka nukta, nikaenda kuanika foronya. Kurudi — simu inatetemeka juu ya meza kama mashine ya kukamulia.

Baadaye nimemweleza vizuri, maana sipendi mtu aondoke na njaa. Kwamba mwenye dobi hili la kufulia nguo alipoichoka biashara tulikuwa watu kumi na wawili tumesimama na pasi mkononi, tukaichukua sisi wenyewe, tukawa ushirika. Kwamba hakuna bosi. Kila mtu kura moja. Mwenyekiti ni wa mwaka mmoja, kwa zamu, kwa kufuata nani alianza kazi kabla ya nani. Na kwamba mwaka huu mwenyekiti ni mimi. (Hilo la mwisho halikuulizwa. Nimelitia mwenyewe.)

Binti yangu ndiye aliyeniandikisha huko, kwa jina hilo la Mama Pasi. Alichoka kunisikia mezani nikieleza mambo ya ushirika. Alisema huko kuna watu wanaotaka kusikia. Kumbe kweli wapo!

Jumatano, 5 Machi

Swali: kama wote ni wakubwa, choo anasafisha nani?

Lazima waulize choo. Wamesoma vitabu vizito kuhusu mifumo ya uchumi, na mwisho wa safari wanafika chooni. Nimejibu: kwa zamu. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mwenyekiti, na kiling'aa.

Sasa wapo wawili wamehamia kwenye ukurasa wangu. Mmoja namwita Bwana Soko, mwingine Komredi. Bwana Soko anasema dobi letu ni ushahidi kwamba mtu akimiliki mali yake anafanya kazi kwa bidii. Komredi anasema dobi hilohilo ni ushahidi kwamba tajiri hahitajiki. Wanatukanana kwa adabu tangu asubuhi, na kila mmoja akimaliza ananishukuru mimi. Nimewashukuru wote wawili na kuwafundisha kutoa doa la kahawa.

Mume wangu, fundi viatu, alimaliza kushona soli. Halafu akauliza kama profesa wa mashuka atakula sasa au baada ya mhadhara. Mwache acheke. Yeye nani kamuuliza swali?

Ijumaa, 7 Machi

Mweka hazina kaniita chumba cha kukaushia, pale mashine zinaponguruma mtu wa nje asisikie. Nikajua pana jambo. Mwaka wangu unaisha wiki ijayo, na anayefuata kwa zamu ni Taratibu.

Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna doa linalomkimbiza. Atalikalia mpaka liondoke. Kwa mikono hatuna mwingine kama yeye. Ila ana kigugumizi, na si kidogo. Neno linakwama, yeye analisukuma, na sisi tunaangalia sakafu.

Tena mkataba wa hoteli unaisha mwezi huuhuu. Nusu ya kazi yetu ni mashuka ya hoteli. Na yule bwana wa hoteli anayekuja kuzungumza mkataba hana subira hata kidogo. Mweka hazina anasema lifti anaibonyeza mpaka kitufe kinaingia ndani. Akikutana na Taratibu atatafuta dobi lingine kabla ya kumaliza salamu, na nusu yetu watakosa kazi. Kwa hiyo niendelee mimi, walau mpaka mkataba usainiwe. Nimwombe Taratibu apishe. Kwa upole. Mimi ndiye ninayejua kuzungumza.

Nimesema nitafikiri. Uongo — nilishafikiri palepale, na nilifurahi! Nilijisikia kama nimevalishwa koti jipya. Kwani uongo? Kuzungumza najua.

Jumapili, 9 Machi

Jibu langu bora kuliko yote. Nalinakili hapa lisije likapotea.

Mgeni mmoja, hata picha hana, ameandika kwamba ana kigugumizi. Kazini kwake amepitwa na watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe, kwa sababu eti mkubwa lazima aongee. Akauliza: kwenu, mtu kama mimi angeongoza?

Niliandika bila kunyanyua kichwa: "Kwetu zamu ni zamu. Haiangalii sura, haiangalii ulimi. Neno lako likichelewa, sisi tuna masikio na tuna muda. Ungeongoza, ndugu yangu, na mimi ningekuwa wa kwanza kukunyanyulia mkono."

Watu wamelia huko! Komredi kaandika kwamba amesimama kwa heshima. Bwana Soko naye kaniunga mkono, mara ya kwanza wawili hao kukubaliana. Nimemsomea mume wangu kwa sauti, nikarudia. Aligongagonga kisigino cha kiatu, halafu akauliza:

"Na Taratibu je?"

Nilikuwa nimeshamweleza ombi la mweka hazina, kosa langu. Nikamwambia hayo ni mambo tofauti. Mtandaoni tunazungumzia mfumo. Hapa tunazungumzia mkataba wa hoteli. Akasema sawa. Namjua, akisema sawa ya namna ile hajakubali kitu. Nimeudhika mpaka chakula kimenishinda.

Jumanne, 11 Machi

Nimemfuata Taratibu kwenye beseni la madoa nikiwa nimejipanga. Maneno laini yote nimeyakunja vizuri, moja juu ya lingine. Nilianza kwa kumuuliza habari za mgongo wake.

Akanizuia kwa mkono wenye povu. Alitaka aanze yeye. Ilichukua muda wake. Kwamba mwanawe humsomea majibu yangu kila jioni na nyumba nzima inakaa kusikiliza. Kwamba zamu alikuwa ameamua kuiruka, na alikuwa anatafuta siku ya kuniambia. Halafu Jumapili wakamsomea lile jibu.

"Dada," akasema, "n-nilikuwa nipishe. Sasa sipishi."

Na mimi nikasema nini? Nikasema vizuri sana, mwenzangu. Kisha nikamuuliza tena habari za mgongo!

Mweka hazina anataka nilifute jibu. Nitalifutaje? Komredi ameshalisambaza kila pembe. Na hata nikilifuta huko, Taratibu ameshalisikia.

Jumatano, 12 Machi

Yule mgeni wa kigugumizi kaandika tena. Anauliza kwa adabu: yupo mtu kama yeye hapo kwetu aliyewahi kuongoza kweli, au ni maneno tu?

Nimezima simu. Nimepiga pasi siku nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Mkutano. Chumba cha pasi, tumekaa juu ya vifurushi vya mashuka. Mweka hazina alisimama akapendekeza mwenyekiti aongezewe muda mpaka mkataba wa hoteli usainiwe. Akanimwagia sifa, na zote za kweli, siwezi kukataa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaanza kupiga makofi. Taratibu alikuwa anaangalia mikono yake.

Ningenyamaza tu. Hakuna kingine kilichohitajika! Ningenyamaza, wangepiga kura, na sasa hivi ningekuwa bado mwenyekiti. Nikajikaza kisabuni nikasimama. Mimi huyu ninayejua kuzungumza, maneno yalinikauka.

"Mwaka wangu umekwisha," nikasema. "Zamu ni ya mwenzetu."

Nikanyanyua mkono kumchagua. Ulikaa juu peke yake kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha dereva wetu akanyanyua wake. Kisha huyu, kisha yule. Mweka hazina alikuwa wa mwisho, na aliunyanyua kidogo tu, kama mtu anayejikuna.

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna msomaji: inauma. Uenyekiti nilikuwa nimeuzoea, na nilikuwa nauweza. Lakini nimerudi nyumbani kifua mbele, natembea katikati ya njia kama barabara ni yangu. Mume wangu alinitazama mara moja tu. Akaweka kiatu chini, akaenda kunichemshia maji ya kuoga bila kuambiwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemjibu yule mgeni. "Yupo. Ameanza jana."

Sijawahi kuandika jibu fupi hivyo, na sijawahi kulipenda jibu hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Swali: katika mfumo wenu, jambo gumu kuliko yote ni lipi?

Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Mwishowe nimetuma: "Kurudi kwenye pasi." Wamedhani natania. Bwana Soko kacheka sana.

Watu bado wanakuja kwangu. Sabuni imepungua — mama, tufanyeje? Mashine ya pili inavuja — mama? Nawaambia wamuulize mwenyekiti. Kisha naongeza moto wa pasi.

Simu zote Taratibu anapokea mwenyewe. Wateja wengine wanakata, wanadhani laini mbovu. Anawapigia tena. Namsikia kupitia ukuta, na neno analolitafuta mimi ninalo tayari hapa mdomoni! Naligandamiza shati badala yake.

Ila leo kabadilisha mpangilio wa kufua. Mataulo ya jikoni yenye mafuta sasa yafuliwe mwisho wa siku, si asubuhi, ili mashine zisianze kazi na mafuta tumboni. Foronya zimetoka nyeupe mpaka mweka hazina kazipeleka dirishani kuzihakiki. Jambo jepesi namna ile! Mwaka mzima mimi sikuliwaza. Kwanza niliudhika. Halafu nikajivuna. Kwani aliyempisha ni nani, si mimi?

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa ndani ya kikao. Taratibu kanitaka nikae naye niandike kumbukumbu. Kumbukumbu zimeishia mistari miwili, sasa naandika humu. Mkono ukiwa na kazi mdomo unatulia. Asubuhi aliniomba kitu kimoja. "Dada, usinimalizie." Nisimmalizie maneno yake, hata nikiyajua. Nimeahidi. Ya ndoa ilikuwa nyepesi kuliko hii.

Bwana wa hoteli yuko mbele yetu. Saa ameivua, ameiweka mezani. Anataka, kama alivyotuandikia juzi, mashuka yanayochukuliwa jioni yarudi kabla ya alfajiri. Maana yake tukeshe, kila siku. Jana tulipiga kura na wote tulisema hatukeshi, wapo wenye watoto wachanga na wapo wenye wagonjwa nyumbani. Wa kumwambia ni Taratibu. Anaweza kukasirika akaondoka na mkataba wake, tunajua. Mweka hazina yuko mlangoni anajitia kukunja shuka, lilelile tangu tulipokaa.

Salamu zimekwenda vizuri. Polepole, lakini vizuri. Hali ya mashuka, nayo kaieleza. Bwana anapigapiga kidole mezani.

Sasa kafika penyewe. Kasema "usiku" — na hapo neno linalofuata limekwama. Bwana ananitazama mimi. Natazama karatasi.

Bado.

Bwana anasema basi, kama hakuna pingamizi tumeelewana, kazi ya usiku. Ametoa kalamu. Anaandika!

Taratibu ameweka kiganja juu ya mkataba. Kiganja kizima, chenye nyufa za dawa za madoa, katikati ya karatasi nyeupe ya watu. Kalamu imesimama hewani. Jamani. Sijawahi kujivunia mtu hivi, hata binti yangu siku anahitimu.

Huko nyuma mashine moja tu inazunguka. Moyo unaniambia sema, sema, ni maneno machache na yote ninayo, ningeyapanga vizuri, ningetabasamu mahali pake, bwana angenielewa. Ninayo! Nayaandika hapa ili yasitoke: bwana, usiku hatufanyi kazi, lakini alfajiri tutawahi. Hayo tu. Nimeyaandika, na mdomo nimeufunga.

Bwana kageukia kwangu, mwili mzima. "Mama, samahani. Hapa msemaji hasa ni nani?"

Sijanyanyua kichwa. Mweka hazina ameacha kukunja shuka; nilidhani atadakia, naye kafumba mdomo kwa mkono. Kiganja cha Taratibu kiko palepale. Amevuta pumzi, ameanza kumjibu bwana — m, m — neno lenyewe fupi, sote humu ndani tunalijua, na hakuna anayemmalizia.