Aliyefungua Mlango Jumatano Ile

Durban,
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Élisabeth,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Baba Israël na wote wa hapo nyumbani. Mnaendeleaje? Miguu ya Mama vipi, bado inavimba? Mwambie akikaa aiweke juu ya kigoda kama daktari alivyosema, ingawa najua hasikii la mtu. Habari za risasi kwenye milima ya Uvira zinatufikia, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko nashika simu kwanza nione kama mmeamka salama.

Sisi wa hapa miili ni mizima. Elysée ameanza kutembea, anashika kuta zote na kuziacha na alama za mikono. Grâce ametokwa na meno mawili ya mbele, akicheka ni bibi kizee kabisa. Mimi bado niko saluni, nasuka vichwa vya watu kutwa nzima, jioni vidole vimekakamaa hata kifungo cha blauzi kinanishinda.

Utaona sikuanza kwa ile salamu yetu ya Kanisa, ambayo huwa tunaiandika juu kabisa ya barua. Sikuisahau. Nyumbani kwetu siku hizi haisemwi, na ndiyo sababu ninaandika. Barua hii ni kwa ajili ya mdogo wako Sébastien. Mdogo wenu Doudou tumeshamzika, na huyu aliyebaki naona anatuponyoka akiwa hai. Kwenye simu sikuweza kukueleza, maana fleti yetu ni ndogo na yeye anasikia kila neno, na ninyi huko mnaweka sauti nje ili Mama naye asikie. Mama Laetitia wa kwaya anasafiri kwenda Bujumbura, atavuka mpaka akupe barua mkononi. Isome peke yako kwanza.

Uliniuliza kama bado tunasali. Tunasali, wifi. Misa yetu ya Kiswahili ni saa nane mchana kama zamani, baada ya ile ya Kiingereza na ile ya Kizulu. Ya Kizulu ikinoga, sisi tunasubiri nje juani na watoto na ngoma zetu, kama wageni wa harusi waliofika kabla chakula hakijaiva. Zamani tulinung'unika sana. Siku hizi tunasimama kimya karibu na ukuta, ngoma tumezifunika kwa vitenge. Wale kina mama wa Kizulu wakitoka na sare zao, wengine wanatushika mikono na kulia, wengine wanapita wakiangalia viatu vyao. Sina ubaya nao. Lakini nawatazama usoni mmoja mmoja, siwezi kujizuia, najiuliza mtoto wa yupi alikuwa kwenye ngazi zetu.

Mazoezi ya kwaya ya Alhamisi yamesogezwa mchana ili watu wafike nyumbani kungali mwanga, na kwa hiyo nusu yetu tuko kazini na hatuji. Mama Laetitia anaimba sauti ya kwanza kwa niaba ya wote. Kelele yake tulikuwa tukiicheka, sasa tunamshukuru. Katekesi ya watu wazima, ile ya Jumamosi aliyokuwa akifundisha Sébastien, anaifundisha Padri mwenyewe.

Leo wamesomwa marehemu wa parokia, kama kila Novemba. Padri wetu ni Mtanzania, akasoma vizuri jina la ubatizo la Doudou, Dieudonné, na watu wote walitugeukia. Nilisimama mimi na watoto tu. Sébastien alikuwa nje. Kila Jumapili anatusindikiza mpaka getini, halafu anabaki kwenye maegesho na wale vijana wetu wa Kongo wanaolinda magari, wenye vizibao vya kung'aa. Mwalimu wa katekesi, wifi, anaelekeza magari ya watu wanaokwenda kusali, na yeye haingii.

Sasa nikueleze Jumatano ile, maana ulielezwa nusu.

Unajua jumuiya yetu inakutana kila Jumatano saa kumi na mbili jioni, kwetu, kwa kuwa Sébastien ndiye kiongozi. Mwezi wa tisa maandamano ya kutaka wageni waondoke yalikuwa yamechacha mjini, na watu walikuwa wakipita jengo kwa jengo. Baadhi ya wanajumuiya walitaka tupumzike kwanza. Doudou naye alisema hivyo hivyo, yeye alikuwa akifanya kazi ghalani Mobeni na Wazulu watupu, na alijua yaliyosemwa huko. Sébastien akakataa. Akasema tukiacha kukutana tumekwisha. Akatoa wazo lake: mlango ufungwe kwa ufunguo, na anayefika asigonge, aseme Tumsifu Yesu Kristu. Wa ndani ataitikia Milele, amina, na kufungua. Wazo lilitupendeza wote. Hata mimi nilimsifu.

Unamkumbuka mzee Nimbona, yule fundi cherehani Mrundi niliyewahi kukutajia? Huwa anafika wa kwanza ili apate kiti chenye mto. Sikio lake moja halisikii vizuri. Siku ile alipanda ngazi zake taratibu kama kawaida, na nyuma yake kundi la watu lilimwona anaingia, likamfuata. Hakuwasikia. Alifika mlangoni akatoa salamu. Mimi nilikuwa nawasha mshumaa. Sébastien akaitikia kwa furaha, akasema, "Karibu, Papa Nimbona, kiti yako iko," akafungua mlango wote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlango haukuvunjwa. Mlango aliufungua Sébastien, kwa salamu ya Yesu.

Doudou alikuwa amerudi kutoka kazini muda si mrefu, bado na ovaroli. Alikimbilia mbele yetu kwa kuwa Kizulu alikijua, akawatoa mpaka koridoni akizungumza nao. Nilimsikia akiwaita ndugu zangu. Sauti yake haikuwa na woga, nakuapia. Walimsukuma kwenye ngazi, akaanguka mpaka ghorofa ya chini. Walipoona hainuki, wakatawanyika. Wakati huo jirani yetu Amne, yule Mwislamu wa Tanga, alikuwa ameshanivuta mimi na watoto kwake na kutufungia. Alisema tu, "Nipe mdogo, wewe shika mkubwa." Gari la wagonjwa lilikuta Sébastien amekaa chini amempakata mdogo wake, na hakuna kilichobaki cha kufanya.

Siku ya maziko tuliwapigia simu tukiwa kaburini, ili mlie pamoja nasi. Simu ilikuwa mkononi mwa Sébastien, sauti nje. Uvumi ulikuwa umeshawafikia huko kwamba mlango ulifunguliwa, na mlidhani ni jirani aliyetusaliti. Ulikuwa unalia sana, wifi. Labda hukumbuki ulichosema. Sisi tulisikia wote. Ulisema, "Ule mutu alifungula mlango, asipate amani mpaka anakufa."

Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningesema mabaya zaidi, unajua ulimi wangu. Hukujua unamwambia nani. Lakini nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona jinsi alivyoishusha ile simu na kumpa Mama Laetitia, polepole, kama mtu anayerudisha kitu ambacho si chake. Tangu siku hiyo hajapokea simu yako, na wewe ulidhani amekasirika au anakwepa habari za matanga.

Baba yenu alipofariki wewe ndiye uliyewalea. Kwa Sébastien neno lako ni la mama na la baba pamoja. Nimemwambia mara nyingi kwamba hukujua. Padri amemwambia. Anatusikiliza kwa adabu, halafu anajibu lile lile, "Yaya alishasema." Wewe dada yake mkubwa, anakuita Yaya mpaka leo.

Nilidhani jumuiya itahamia nyumba nyingine. Walikataa, walisema hawawezi kuiacha nyumba iliyofiwa. Kwa hiyo Jumatano wanakuja, ila wachache. Akifika mtu ananipigia simu akiwa mlangoni, natazama kwanza, ndipo nafungua lile geti la chuma tuliloweka. Tunasoma Injili, tunasali rozari kwa sauti ya chini. Hatuimbi. Amne analeta chai na maandazi na kukaa jikoni mpaka tumalize. Padri alimtania kwamba angekuwa wetu angempa jumuiya aiongoze, Amne akasema atafikiria ila kwaya yetu ina kelele mno. Ndicho kicheko pekee nilichosikia nyumbani kwangu tangu msiba.

Muda wote huo Sébastien yuko chumbani, mlango umefungwa. Na mzee Nimbona yuko nje koridoni. Haingii, wifi. Anakaa kwenye ngazi ya juu na rozari yake, anafuata sala kupitia ukutani kwa lile sikio zima. Nimetoka kumbembeleza mpaka nimechoka. Aliniambia, "Kinywa changu ndicho kiliwaleta, mama. Wacha nisalie hapa." Kiti chake chenye mto kipo, hakuna anayekikalia. Yeye na Sébastien hawajaonana uso kwa uso tangu makaburini. Hawakugombana. Kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa kosa ambalo mwenzake hamdai.

Ningeendelea kunyamaza, lakini kuna jambo limetokea Jumatano iliyopita. Mama Laetitia alifika na haraka zake za safari, akasahau, akaisema ile salamu kwa sauti yake yote pale mlangoni. Grâce alikuwa sebuleni. Mtoto ameisikia tangu yuko tumboni. Aliitikia Milele, amina, akakimbilia kitasa. Sébastien alitoka chumbani sijui namna gani, akampiga kofi la mdomo. Sébastien, wifi, ambaye hajawahi kumgusa mtoto hata kwa ufito. Lile jino la pili nililokuambia mwanzoni ndivyo lilivyotoka. Lilikuwa limeshalegea, lakini ndivyo lilivyotoka.

Alipoona damu alipiga magoti akaliokota lile jino, akalishika tu. Hakulia. Afadhali angelia. Usiku kucha hakulala, na asubuhi aliniambia kwamba afadhali tukae bila yeye, kwamba mtu asiye na amani huwanyang'anya na wengine. Amemwuliza rafiki yake mmoja wa Queensburgh kama kuna mahali pa kulala. Anatafuta kuondoka, wifi. Sitaki kuwaongopea watoto wangu mara ya pili, kwamba baba naye yuko kazini Mobeni, kama nilivyowaambia juu ya Doudou wiki ile ya kwanza.

Siombi mtume kitu wala siombi mtu aje. Naomba jambo moja. Aliniambia zamani, tulipokuwa tunachumbiana, kwamba kule Uvira walipokuwa watoto wewe ulikuwa ukisimama ndani ya mlango kila jioni, na hakuna aliyepita bila salamu hiyo. Doudou alikuwa akiisema huku mdomo umejaa maembe aliyoiba, na wewe ulijifanya huoni. Ni wewe uliyewafundisha.

Basi Jumatano ya kwanza baada ya kupata barua hii, saa kumi na mbili jioni, saa zetu na zenu ni moja, nipigie. Nitaweka simu mezani karibu na mshumaa, sauti nje. Mlango wa chumba nitauacha wazi kidogo, na lile geti nitalifungua ili mzee Nimbona asikie. Usimlilie, usimweleze mambo mengi, usimwombe msamaha kwa maneno marefu. Sema tu Tumsifu Yesu Kristu, kama vile umesimama pale mlangoni kwenu, halafu usubiri. Usikate simu tukinyamaza. Inaweza kuchukua muda.

Kama moyo wako bado unakataa, nitaelewa. Doudou alikuwa kitinda mimba wenu, na mimi ni mke wa aliyefungua. Ila usipige siku nyingine na kuzungumza hali ya hewa, maana hapo nitajua, na yeye atajua.

Kaburi la Doudou lipo kwenye kilima, upande wa jua la asubuhi. Tumepanda ua jekundu ambalo Amne alitupa kwenye kopo la maziwa, na limeshika.

Nisalimie Mama, mwambie nampenda na aweke miguu juu. Nisalimie Baba Israël, na Israël mwenyewe asome kwa bidii, na shangazi Marie-Louise akija kutoka Baraka mpe pole kwa niaba yetu. Mungu awakinge na risasi za huko, naye atukinge na watu wa huku. Grâce na Elysée wanakusalimu. Sébastien hakusalimu, kwa sababu hajui kama ninaandika. Salamu yake, Mungu akijalia, utaipata mwenyewe Jumatano.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Félicité