Kigong'ota na Fimbo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 10 Septemba 1956

Leo nimemkimbia ndege. Naandika nijicheke mwenyewe, maana nikimwambia mtu nitachekwa mpaka Pasaka.

Baba mkwe alifika juzi kutoka Tukuyu kutibiwa mguu. Yuko chumba cha mbele. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye. Nimeolewa miaka mitatu sasa, uso wake siujui. Kwa hiyo mume wangu Saulo kapatana naye: akitaka kutoka kuja uani, agonge fimbo kwenye mwimo wa mlango. Ko, ko, ko. Mimi nikisikia najitupa nyuma ya jiko, kanga kichwani.

Basi asubuhi — ko, ko, ko. Nikaruka na unga mikononi. Nikangoja. Kimya. Nachungulia, hakuna mtu. Juu ya mparachichi mkavu yuko kindege chenye kofia nyekundu, kinagonga mti kama fundi aliyeahidiwa bakshishi. Kigong'ota! Uji umeungua. Na mzee kapelekewa uji huo huo.

Jumatano, 12 Septemba

Kigong'ota amenikimbiza kutwa nzima. Jioni nikasema, huyu ni ndege tu, sihami hapa. Nikaendelea kuosha vyombo.

Alikuwa baba mkwe. Nimejificha nyuma ya pipa, pua kwenye maji.

Alhamisi, 13 Septemba

Mwanakhamisi wa nyumba ya pili ndiye anayempelekea mzee chakula kwa niaba yangu. Wazee wake walitoka pwani, mambo yetu haya anayaona sinema. Leo kanikuta nyuma ya jiko, kaniuliza, shoga, umemkimbia mzee au ndege? Nikamwambia sijui. Akacheka mpaka akaweka sinia chini.

Kigong'ota ana makinda! Tundu liko juu kidogo ya kichwa cha mtu. Wanalia humo ndani, kama chumvi kwenye kikaango. Mama anaingia na mdudu, anatoka bila mdudu. Nimesimama pale mpaka nikasahau maharage.

Jumamosi, 15 Septemba

Saulo kafika na basi analoendesha kutoka Iringa. Kaoga, kala, katangaza: mwisho wa mwezi anakata mparachichi. Ati Baba hapati usingizi kwa kelele za yule ndege.

Nikauliza, Baba kasema hivyo? Kasema, Baba ameuliza ile ni kelele ya nini. Kwa Saulo hiyo ni amri. Nikamwambia mna makinda mle. Akajibu makinda hawalipi kodi ya nyumba.

Nimenuna. Mtu mmoja tu angeweza kumzuia Saulo, na mtu huyo siruhusiwi hata kumsalimu.

Jumanne, 18 Septemba

Nimepata akili. Saulo ana udhaifu mmoja: picha. Ukuta wetu umejaa basi lake — basi mbele, basi nyuma, basi kule Nyololo kwenye matope. Kitu kikishaingia ukutani huwa hakigusi. Nikimtundikia kigong'ota, shoka litarudi stoo.

Kamera ipo kabatini, lile sanduku jeusi alilonunua mnadani Iringa. Alinifundisha mwenyewe, ili nimpige yeye akiegemea basi. Unaliweka tumboni, unainama, unachungulia kakioo ka juu, unabonyeza. Filamu iliyobaki ni kidogo.

Ya kwanza upepo umepeperusha kanga yangu ikaziba kila kitu. Ya pili ndege kanipa mgongo. Huyu naye ana wakwe?

Ijumaa, 21 Septemba

Mchana nimesikia ko, ko, ko, pale pale mtini. Si mlangoni — mtini, nina hakika. Nikatoka pembeni ya jiko nimeinama, sanduku tumboni, macho kwenye kakioo. Humo giza tu na shina la mti. Nikabonyeza. Ndipo mtu akakohoa.

Nilikimbia hata ndala moja ikabaki uani. Baadaye nimeikuta imeegemezwa vizuri ukutani.

Sikumwona. Namuomba Mungu na sanduku nalo liwe halikumwona. Filamu nimempa Mwanakhamisi aipeleke studio ya pale sokoni.

Jumatano, 26 Septemba

Limemwona.

Mwanakhamisi kaileta picha kaificha kwenye vitumbua, machozi ya kicheko yanamtoka. Nikaitazama. Nikaifunika kwa kanga. Nikaifunua kidogo. Je, picha ni mtu? Nani aliwahi kulitolea hukumu jambo hili? Nikaitazama tena.

Kigong'ota ametoa kichwa tunduni, mdogo kama punje ya kunde. Kando yake, karibu zaidi na sanduku, mkubwa kama mlima Rungwe, baba mkwe. Nusu yake, kwa kweli: kofia nimeikata, mguu mbovu nimeuacha nje. Ameinua fimbo anagonga shina, kidevu juu, anacheka kwa mapengo yake yote. Na ndege anamsikiliza!

Kumbe ko-ko-ko nyingine hazikuwa za mlangoni wala za ndege. Mzee alikuwa anapiga soga. Nami nikipita mbio na kanga kichwani, bila shaka naye alisikia.

Nampenda mzee huyu. Sijui kama inaruhusiwa.

Lakini sasa nimekwama. Picha hii Saulo akiiona, mti unapona. Akiiona atauliza pia nani kapiga, na wanaoijua kamera nyumba hii ni yeye na mimi. Aliyemtazama baba mkwe hurudishwa kwao akafundishwe upya. Nami Tukuyu kwa mama yangu sirudi na sanduku la nguo, hata kwa wiki moja.

Ijumaa, 28 Septemba

Saulo amerudi. Ananoa shoka, anapiga mluzi.

Usiku wa jana sikuamua, leo nimeamua. Nimeweka picha chini ya bakuli la kande, kwenye sinia la mzee. Mwanakhamisi kaapa hajui lolote, kisha kasimama mlangoni kuangalia. Anasema mzee kaomba miwani. Kaitazama muda mrefu. Kaiweka mfukoni. Kala kande zote, kaomba nyingine.

Jumamosi, 29 Septemba

Naandika kwa penseli nyuma ya jiko, mgongo ukutani.

Saulo katoka na shoka. Mara ko, ko, ko, mlangoni kweli, na kikohozi juu yake. Nikajificha. Nikasikia mguu unaburuzwa taratibu mpaka mtini.

Baba mkwe kasema kwa Kinyakyusa, weka chini hicho. Saulo kasema, Baba, si huwezi kulala? Kajibu kwamba usiku analala vizuri, na mchana ana mtu wa kuzungumza naye. Mti usiguswe mpaka watoto waruke.

Kisha karatasi ikatoka mfukoni, nimeisikia. Saulo kauliza pole pole, Baba, hii nani kapiga?

Nimeuma kanga.

Mzee kasema aliyepiga ni mtu mwenye adabu sana. Tazama, kofia yangu kaikata, mguu kauacha nje. Mtu aliyenitazama angewezaje kukosea hivi?

Saulo hacheki. Viatu vyake vinakuja huku jikoni, na shoka sijasikia likiwekwa chini.

Na pale mtini — ko, ko, ko. Sijui ni yupi kati yao, ndege au mzee.