Watoto Ninao Mimi

Mwanangu na mkwe wangu,

Msipige mayowe, watoto ninao mimi dukani, wananipangia vifungo. Asubuhi nilipitia mkasi wangu hapa kwenu nikawakuta peke yao. Kaka mtu kapanda kigoda, jiko linawaka, anamkaangia mdogo wake yai. “Baba alisema mama yupo,” akaniambia, “na mama akasema baba yupo.” Hongereni, mnarushiana watoto kama mpira! Mayai mengine yalikuwa sakafuni, nikateleza nikaanguka pu! Wakacheka hao!

Gesi nimefunga. Sakafu pigeni deki. ~~Jioni nitawaleta.~~ Hapana, njooni wenyewe, wote wawili. Mdogo kaniuliza, “Bibi, leo zamu yako?” Nikamwambia ndiyo, nikajifanya natafuta uzi, asinione machozi.

Mama yenu