Mpiga Tarumbeta Aliyepuliza kwa Niaba ya Shimo Zima

Jumatano, Mikelenge, Kindu. Mvua imekatika, lakini matope hayajapata habari.

Ninatangaza rasmi, kwa heshima zote: kifaa cha kupimia pumzi kimerudi Kindu kutoka machimbo ya Kama, kizima, bila alama. Mbebaji wake amerudi na mikwaruzo mabegani. Majirani nimewaambia ni pikipiki. Tuliache hapo kwanza.

Kifaa chenyewe ni bomba dogo lenye mshale. Ukipuliza, mshale unapanda. Mimi, muuguzi mwenye kitambi, nilikipeleka kwenye mashimo ya dhahabu ili nitafiti vumbi la mawe linafanya nini vifuani mwa watu. Vitabu vyangu vyote vinazungumzia wachimbaji wa makaa ya mawe. Kwetu hakuna makaa. Kuna jiwe jeupe linalotwangwa kwenye vinu vya chuma mpaka liwe unga, na mtwangaji anarudi nyumbani mweupe kama mwoka mikate.

Nikaomba watu wote wa kila shimo waje kupuliza.

Kila shimo likanitumia mtu mmoja.

Kwao ni kama salongo, ile kazi ya umma: nyumba ikitoa mtu mmoja, nyumba nzima imefanya. Shimo la kwanza likaleta golikipa wao. La pili, mpiga tarumbeta wa kanisa, aliyeupandisha mshale mpaka mwisho, watu wakapiga makofi. Asubuhi nzima niliamini vumbi la Kama linajenga afya. Ndipo nikamwona Ramazani, mdogo wangu, nyuma ya mpiga tarumbeta, anacheka ameshika mbavu.

Ramazani alikimbilia Kama wakati wa vita, treni ilipokoma na chumvi mjini ikawa hadithi tu. Alisema atatwanga kwa muda mfupi. Vita vilipita. Kinu hajakiacha.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Yaya," akaniita, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, "huyu njo pumzi yetu. Amepuliza ya shimo yote. Unataka nini tena?"

"Nataka yako."

"Yangu iko ndani ya yake."

Mkubwa wa shimo akaongeza kwamba, kama nahitaji na picha ya kifua, mpiga tarumbeta yuko tayari kusafiri.

Nikafunga sanduku kwa hasira. Ramazani akang'ang'ania kunibebea mpaka barabarani. Kilima ni kidogo, hata kitambi changu kinakipanda. Katikati yeye akakaa chini. Kisha, bila kuombwa, akafungua sanduku, akapuliza.

Mshale ulitikisika tu.

"Mashine yako imechoka, yaya."

Nikasema ndiyo, imechoka.

Sasa ile habari ya pikipiki. Hatukuanguka. Dereva alikuwa mbele, mimi katikati na sanduku mapajani, Ramazani nyuma, nimemfunga kwangu kwa kitenge kama mtoto. Kila kikohozi kilipomnyima hewa alinishika mabega kwa kucha, hivyo hivyo mpaka Alunguli, ng'ambo ya mto, tulipopanda mtumbwi kuvuka kuja kwetu.

Amelala chumba cha pili. Namsikia akivuta pumzi, na mimi bila kutaka navuta pamoja naye, kana kwamba inasaidia.

Kesho tunaenda kupiga picha. Ameniuliza, bila kucheka safari hii, kama naweza kusimama mimi badala yake.

Ingewezekana, ningesimama.