Nebula na Ua wa Bi Salma

Wiyoni, Jumamosi usiku

Sasa nacheka, lakini asubuhi sikucheka. Jirani yangu Bi Salma alinijia kwa hasira. "Mwalimu, kila usiku wapanda darini na kamera. Waupiga picha ua wangu?"

Niliogopa kufukuzwa mtaani. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha picha yangu ya nebula, wingu la gesi ambamo nyota huzaliwa. Nilikuwa nimeunganisha picha zilizopokea mwanga kwa muda mfupi na nyingine kwa muda mrefu, ili kitovu king'avu kisiwe weupe mtupu na kingo hafifu zionekane.

"Subhanallah!" Akavuta kiti. "Na huu ukungu wa manjano pembeni?"

Nikasita. "Ni taa yako ya uani, Bi Salma."

Akaangua kicheko. "Basi ukitaka kupanda, piga hodi."

Leo nimepiga hodi. Amezima taa ya uani, na ya jikoni pia.