Nafasi ya Jina kwenye Wimbo wa Kusaga

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Najua huitikii. Hata mwaka ule wa mwisho hukuitikia kwa mdomo. Ulinibana kidole kwa mkono wa kushoto, na mimi nikajijibu mwenyewe "marahaba" kwa sauti yako, watu wakacheka. Leo nimenyoosha kidole. Basi, tuyaache.

Barua hii naiandika mwenyewe, usidhani nimemwomba karani. Darasa la tatu si mchezo hapa Mgori. Mjukuu wako, mumeo wa utani, ni msomi, hata Bwana Shauri wa wilaya akija nitamsomea tangazo lake mwenyewe.

Uwele umekomaa. Yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Na mtoto wa dada Mariamu anatambaa sasa. Ukimwita Mghenyi anageuka, anacheka. Hapo ndipo ninapotoka nje, Bibi. Mimi na wewe tunajua kwa nini.

Ulipoanguka ukiteka maji kisimani, upande mmoja ukafa na maneno yakapotea. Walisema umelogwa. Wengine walisema umesusa, na mimi nilikuwa mmoja wao, nisamehe. Kisha mtoto akazaliwa. Kwetu jina la mtoto wa kwanza hulitoa bibi, tena kwa mdomo wake. Mwezi ukapita mtoto anaitwa "huyu". Dada alikuwa anamnyonyesha huku anakutazama mdomo.

Halafu siku ile nakutania kwamba unasaga kama kobe, nikasikia unaimba. Wewe, usiyeweza kuomba maji! Jiwe likienda na kurudi, maneno yalitoka mazima: wimbo wako wa kuwataja watakaokula ugali, mmoja mmoja. Uliponifikia mimi ukaongeza "mvivu", kama zamani. Nililia, nikasema ni vumbi la unga.

Nikapata akili: mwisho wa wimbo, baada ya majina yetu, ndipo mahali pa mtoto. Tukasaga kila asubuhi. Ulifika pale, ukasimama, ukahangaika, ukaanza upya. Ulihitaji siku tu, labda nyingi. Lakini mimi na mdomo wangu! Nilizunguka kijiji nikitamba kwamba waganga wameshindwa, mimi nimeweza kwa jiwe la kusagia. Nikawaita watu waje wasikie jina. Pombe ikapikwa.

Uwanja ulijaa. Uliimba vizuri, ukafika pale, ukanyamaza. Mdomo unacheza, jasho linakutoka. Mama mkwe wa dada akakohoa. Mtu akacheka nyuma. Nikaona aibu, aibu yangu, siyo yako, nikaruka nikasema, "Amesema Mghenyi! Jina la babu!" Vigelegele vikapigwa.

Wewe ukanitazama. Ukaliachia jiwe. Hukusaga tena, wala hukuimba, mpaka tulipokuzika.

Nilikwenda kwa dresa wa zahanati baadaye, nikamweleza yote. Akasema akili yako ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia ya kutokea maneno. Akasema huko Ulaya, kwenye vyuo vikubwa, kuna watu wanasomea kitu hicho tu, kumrudishia mtu maneno yake, na wengine huanzia kwenye nyimbo, kama mimi. Nilivimba kichwa kidogo, si unanijua. Kisha akasema, "Lakini kazi yao ya kwanza ni kunyamaza na kusubiri." Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na neno hilo.

Jana nimemwambia dada kwamba jina lile lilikuwa langu, si lako. Nilidhani atanipiga. Alikuwa anasaga, wimbo wako huohuo. Akasimamisha jiwe, akasema, "Mghenyi ameshalizoea. Lakini pale pa mwisho tutamwachia Bibi nafasi."

Akaanza upya. Akatutaja wote, mimi bado mvivu. Alipofika mahali pa mtoto akanyamaza, likabaki jiwe peke yake, likienda, likirudi. Mara tatu. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, Bibi, lakini nikayameza.

Nimerudi shule. Nakaa na watoto wanaonifika kiunoni, wananiita babu. Chuo cha Ulaya sijui kama nitakifikia, ila kwa mzee yeyote wa hapa aliyepotelewa na maneno nitakaa, na sitamsemea.

Lala, mke wangu. Jina la mtoto unalo wewe. Mimi nasubiri.

Mumeo, yule mvivu